Mtamba Wetu na Majirani wa Ikonge

Wenzangu wa soko, mmeniuliza mno. Mmoja aliona duka langu la vitambaa limefungwa akadhani nimefiwa, mwingine akasema nimeokoka na kuhamia kanisa lingine. Juzi nimesikia wa tatu akisema nilienda Ikonge kuuza ng'ombe. Huyo wa mwisho ndiye aliyekaribia ukweli, na ndiyo maana nimeamua kuandika mambo yote mwenyewe kabla hamjaniandikia.

Kenyenya, kabla ya kuondoka

Moraa, binti ya kaka yangu, alipata mchumba. Kijana anaitwa Ombati, anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisii, na kwao ni Ikonge. Wawili hao walikuwa wameshakubaliana kila kitu, hata rangi ya mapazia. Lakini mama yangu, ambaye ni nyanya ya Moraa na ndiye mwenye kauli nyumbani Kenyenya, alisema hakuna ng'ombe wa mahari atakayekanyaga ua wake kabla hatujaulizia tabia za watu hao.

"Siku hizi watu wanaulizana kwa simu," nikamwambia.

"Kwa simu kila mtu ni mzuri," akasema.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, esigani, mshenga aliyetumwa kuchunguza ukoo kabla ya ndoa. Sasa esigani nikawa mimi, na mwenzangu akawa Mzee Makori, mdogo wa marehemu baba. Mzee Makori alifundisha Kiswahili maisha yake yote. Ni mzee wa kanisa la Sabato na hawezi kusema uongo. Sisemi hivyo kumsifu. Ni ugonjwa. Analima majani chai na hayanywi. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia mlinzi wa jela halazimiki kufungwa.

Mama alitupa amri moja. "Huko msiongee Kikisii. Lafudhi yetu ya Kenyenya itawafichua mara moja, na watu wakijua mmetoka wapi hawatasema ukweli. Semeni Kiswahili kama wageni."

Nikaona ni ujanja mzuri. Kumbukeni hilo jambo la Kiswahili, kwa maana ndilo lililotuangusha.

Kenyenya hadi Nyamache

Kwetu kijana huulizwa kwanza kwa wajomba zake, na wajomba wa Ombati wako Nyamache. Tuliondoka Ijumaa asubuhi na pikapu iliyobeba ndizi. Mvua ikatukuta njiani, dereva akasimama kwa rafiki yake kungoja ikatike, na rafiki akapika ugali. Wakati ugali unaliwa barabara ilikuwa imegeuka uji. Tulifika Nyamache alasiri, watu wa soko wakianza kufunga mizigo.

Niliingia hoteli moja ndogo nikaagiza chai. Mzee Makori akaomba maji moto, na mama mwenye hoteli akamwangalia kwa huruma kama mtu aliyezuiwa na daktari. Nikaanza uchunguzi wangu polepole. Je, anawajua watu wa nyumba fulani, pale nyuma ya shule?

"Nawajua. Ni wazuri sana."

"Wazuri vipi?"

"Hawana shida na mtu."

Nikauliza muuza viazi, akasema ni wazuri sana, hawana shida na mtu. Nikauliza fundi wa viatu, na jibu likawa lilelile. Hapo nikaelewa kuwa kumsifu jirani mbele ya mgeni ni kama kujibu salamu. Mtu aliyeunguliwa na nyumba jana ukimwuliza habari atakuambia nzuri.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa na neno, mzee aliyeuza kamba. Aliangalia kushoto na kulia, akasogea. "Huyo mwenye nyumba anasali sana," alisema. "Lakini niliomba wilbaro yake nisukumie mchanga, akaninyima. Mtu anayenyima watu wilbaro, mimi siamini sala zake."

Nilitaka kuendelea kumchimba lakini jua lilikuwa linaondoka, na jua la Ijumaa likiondoka Mzee Makori hasafiri tena mpaka Jumamosi jioni. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Baba mdogo, tutalala wapi?"

"Mungu atatoa," akasema.

Mungu alitoa. Alitupeleka kwa mjomba mwenyewe, yule wa wilbaro, kwa kuwa mama wa hoteli alimpigia simu kumwambia kuna wageni wawili wanaoongea Kiswahili na wanauliza habari zake.

Sabato Nyamache

Mjomba, mtu mnene mwenye sauti ya upole, hakutuuliza chochote kabla hatujala. Hiyo ni adabu ambayo mimi sina. Mke wake alitupikia mboga chungu za saga na ugali wa wimbi. Wao ni Wakatoliki, lakini alipogundua kuwa mgeni wake ni Msabato alikwenda kukata kuni zote za Jumamosi usiku huohuo, bila kujua kuwa Sabato imeshaanza jua lilipozama, ili mzee wa watu asisikie shoka siku yake ya kupumzika. Nilipomwambia asijisumbue alisema, "Siku ni ya Mungu, shoka ni langu."

Baada ya chakula mjomba akauliza tunakokwenda. Nilikuwa nimeandaa hadithi ndefu kuhusu biashara ya vitambaa. Mzee Makori akaniwahi. "Tunakwenda Ikonge kwa shughuli ya familia," alisema. Ilikuwa kweli tupu, na mjomba hakuuliza zaidi. Nikajifunza kuwa ukweli mfupi huficha vizuri kuliko uongo mrefu.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa yao, mjomba alitoa wilbaro ghalani akapakia mikoba yetu, akaisukuma mwenyewe hadi barabarani. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia niliambiwa wilbaro hiyo haitoki.

Alicheka. "Nani alikuambia, mzee wa kamba? Mwaka juzi nilimwazima, ikarudi bila gurudumu. Tangu siku hiyo mtu akiomba nasema imeharibika. Ni uongo, naungama kila Pasaka. Lakini wilbaro ni nzima."

Tulipoachana naye, Mzee Makori akaniambia, "Huyu ni mwongo mwaminifu." Hakuwahi kumpa mwanafunzi wake alama ya juu kuliko hiyo.

Kuelekea Ikonge

Kutoka Nyamache tulirudi Kisii, tukapita Nyamira. Huko mbele tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa linarudisha magunia matupu ya majani chai. Kwenye mlima mmoja likakwama matopeni. Waliotoka kanisani walitukuta hapo na nguo zao nzuri, wakasimama pembeni kutushauri. Mmoja alitaka lirudi nyuma, mwingine alitaka liende mbele, na wa tatu, aliyeshika Biblia, alisema lisingekwama kama dereva angekwenda kanisani. Ushauri ni zawadi ambayo kila mtu hufurahia kuitoa na hakuna anayeililia. Hatimaye kwaya ya akina mama ilivua viatu, ikaweka vitenge vizuri kiunoni na kusukuma. Wale washauri waliandamana nasi nyuma wakisema, "Si tuliwaambia?"

Tulifika Ikonge mchana umeenda. Mashamba ya chai yalikuwa yameoshwa na mvua mpaka yanang'aa, na Mzee Makori alisimama akayatazama kwa wivu wa mkulima. Tuliuliza kwa Mama Ombati ni wapi, tukaonyeshwa. Lakini hatukwenda huko. Mpango ulikuwa kuanza kwa jirani, na jirani wa karibu zaidi, mpakani kabisa, alikuwa mama mmoja anaitwa Dorika.

Ikonge, kwa jirani

Kwa desturi ya wazee, mtu anapokwenda kwa habari za ndoa hamtaji msichana kwa jina. Husema ana mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na anatafuta boma la kumpeleka. Mzee Makori, aliyependa mno lugha ya heshima, alivua kofia, akasimama mlangoni kwa Dorika na kusema Kiswahili chake cha darasani:

"Mama, sisi ni wageni. Tuna mtamba wetu, mwenye afya na aliyelelewa vizuri. Tumesikia kuna boma hapa linalomhitaji. Tumekuja kuuliza kama atatunzwa."

Dorika aliacha kuchambua mboga. Alifuta mikono. Uso wake uling'aa kama sufuria mpya.

"Boma gani hilo?" akauliza.

"La Mama Ombati."

Uso ukazimika. Lakini alitukaribisha ndani, akatuma mtu kwa jirani mwingine, Bwana Oseko, aje haraka. Alipika chai ya maziwa matupu, na maji moto kwa mzee. Alijitahidi kujibu kwa Kiswahili kama cha Mzee Makori, sanifu, cha kuazima. Laiti angesema kama sisi wote tunavyosema, ng'ombe ilifanya hivi, ng'ombe ilikula vile, ningeshtuka mapema.

"Sipendi kusema watu," Dorika alianza, na nikakaa vizuri, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya kufungulia mlango. "Lakini pale hapana. Walikuwa na mwingine kabla."

"Mwingine?" nikasema.

"Alitoka Borabu. Mzuri, mpole, macho makubwa. Alikuja hapa akiwa mnene. Hawakumlisha. Alikonda mpaka mbavu zikaonekana. Mvua ilikuwa inamnyeshea usiku kucha, na sisi tunasikia anavyolia."

Moraa hakutuambia kuwa kijana huyu aliwahi kuwa na mke.

"Na Ombati?" nikauliza. "Ombati mwenyewe alikuwa wapi?"

Bwana Oseko, aliyekuwa amefika na kukaa karibu na mlango, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ombati ana mkono mzito. Nilimwona kwa macho yangu akimchapa na fimbo mchana, mpaka kwa barabara."

"Ikawaje?"

"Mwenyewe alitoka Borabu akaja kumchukua," alisema Dorika. "Hakusema neno. Alimtazama tu, machozi yakamtoka."

Sikungoja zaidi. Nilitoka nje, nikampigia Mama simu nikamwambia yote: mke wa kwanza, njaa, mvua, fimbo. Mama alisema, "Nilijua," akakata. Nilirudi ndani, nikachukua chai yangu. Swali moja lilikuwa limebaki.

"Walipata mtoto?"

"Alizaa hapohapo," Dorika akasema. "Wa kiume. Walimchinja Krismasi."

Chai ilinipitia puani. Bwana Oseko alinipiga mgongoni. Nilipopata pumzi nilimwona Mzee Makori ameweka kikombe chini taratibu sana.

"Mama," aliuliza, "huyo wa Borabu alikuwa na miguu mingapi?"

"Minne," Dorika akasema. "Kwani wenu ana mingapi?"

"Miwili."

Dorika alimtazama mzee, akanitazama mimi, akatazama mkoba wangu. Siku zile, ndivyo tulivyoambiwa baadaye, kulikuwa na uvumi kwamba wageni wanazunguka kata hiyo wakichagua maboma ya kupewa ng'ombe wa maziwa. Tukaja sisi, watu wawili wenye mikoba, tunaongea Kiswahili, tukisema tuna mtamba.

"Miwili," alirudia polepole. "Kumbe ni harusi?"

"Ni harusi."

Alivuta kiti chake karibu nami. "Mama Ombati," alisema, "ni mtu mzuri sana. Hana shida na mtu."

"Na Ombati," akaongeza Bwana Oseko, "ni kijana mpole kabisa."

Ikonge, kwenye boma lenyewe

Nilimpigia Mama kumrudisha nyuma. Hakupokea. Mama akipata habari mbaya hakai nazo, huzibeba kwa miguu, na wakati ule alikuwa ameshafika kwa kaka yangu. Kaka alimpigia Moraa, na Moraa akampigia Ombati. Uongo wa bahati mbaya ulikuwa umezunguka kaunti mbili na kurudi Ikonge kabla hatujavuka ua wa Dorika. Tulipoingia kwa Mama Ombati tulimkuta amesimama mlangoni na simu mkononi. Ndani ya simu kijana alikuwa analia. Nilimsikia.

Mama Ombati ni mwanamke mrefu, mkavu, mjane. Alituuliza ni akina nani, na Mzee Makori akamwambia kila kitu: Kenyenya, Kiswahili, mtamba, mke wa Borabu. Hakuruka hata sehemu ya ndama.

"Nani aliwaambia?" aliuliza.

Nilimkanyaga mzee mguu. Akakohoa. "Nimekanyagwa," alisema, "lakini ni jirani yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Ombati alitazama upande wa kwa Dorika, akakaa kwenye ngazi, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sikiliza, mama," aliniambia. "Mimi nikisikia kuna ng'ombe wa bure, nitasema zizi la Dorika lina kupe kuliko nyasi. Usimchukie. Mchana huohuo anaweza kunipa chumvi."

Kisha kicheko kikaisha. 

"Lakini alichosema ni kweli. Mume wangu alikuwa amelazwa, na mimi nilikuwa naye huko. Nyumbani walibaki watoto. Hakuna aliyekata majani ya nepia ya kumlisha ng'ombe, hakuna aliyefunika zizi. Ombati alimchapa kwa sababu aliingia kwa kabeji za Dorika, na kijana mwenyewe alikuwa mtoto, hakujua afanye nini. Mwenye ng'ombe, aliyekuwa ametuazima tumfuge, alikuja akamchukua. Alikuwa na haki. Mume wangu alifariki wiki hiyo. Sasa mnaniuliza kama mtu wenu atatunzwa hapa. Nitawajibu nini? Ng'ombe alitushinda."

Mzee Makori alivaa kofia yake, akaivua tena. Mimi nilikuwa nimeuliza watu tangu Nyamache. Huyu alikuwa wa kwanza kujibu swali, na alijibu kwa kujishtaki. Nilikaa karibu naye kwenye ngazi.

"Nipe hiyo simu," nikamwambia.

Nilimwambia Ombati, kwa Kikisii, na lafudhi yote ya Kenyenya, kwamba mimi ni shangazi wa Moraa, kwamba nimekosea, na kwamba ampigie Moraa sasa hivi kabla baba yake hajakodi gari. Alisema, "Asante, shangazi," kwa sauti ya mtu aliyetolewa mtoni.

Tulikuwa bado tumekaa pale Dorika alipotokea kwenye ua, kuku mmoja kwapani na unga kichwani. Hakumtazama mtu yeyote usoni. "Nimesikia una wageni," alimwambia Mama Ombati.

"Ninao," akajibu. "Ingia. Chumvi imeisha."

Dorika alirudi kuchukua chumvi. Jioni hiyo tulikula vizuri kuliko siku zote za safari, na aliyetuhimiza zaidi tuongeze nyama ni Bwana Oseko, ambaye hakuna aliyemwalika.

Kurudi

Tulirudi Jumatatu bila kukwama popote, kwa hiyo sina la kusimulia. Moraa hakunisemesha kwa siku kadhaa, ila alinitumia ujumbe mmoja: "Shangazi, mimi ni mtamba?" Mambo yao yametulia. Mapazia yameshanunuliwa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Nilidhani atanilaumu. Akaacha kumenya, kisu mkononi.

"Na wao," akasema hatimaye, "watakuja kutuulizia kwa nani?"

Sote tulijua. Watauliza kwa jirani wa karibu zaidi, mpakani kabisa, na huyo ni Mama Nyanchama. Mama na Mama Nyanchama wamegombana kwa ajili ya mti wa mpakani tangu mimi nikiwa shule, na wakikutana njiani kila mmoja hutazama mbinguni kama anayengoja mvua.

Kesho yake, Jumanne asubuhi, Mama alikata mkungu wa ndizi, ule mkubwa, akaubeba mwenyewe hadi kwa Mama Nyanchama. Hakukaa sana. Mchana jirani huyo alinivizia njiani, sauti chini.

"Kerubo, niambie ukweli. Mama yenu anaumwa?"

Nikamwambia ni mzima kabisa.

Watu wa Ikonge walikuja wiki iliyofuata, wawili, wakiongea Kiswahili. Waliingia kwa Mama Nyanchama, na Mama alijificha nyuma ya jikoni mpaka walipotoka. Ombati ndiye aliyeniambia baadaye waliyoambiwa.

"Wale?" Mama Nyanchama alisema. "Ni watu wazuri sana. Hawana shida na mtu." Kisha akafikiri, kwa kuwa naye ni mtu wa kanisa, na akaongeza, "Tangu Jumanne."